Leo Baekeland: mtoto wa fundi viatu na plastiki iliyokataa kupinda

Kipindi cha UE kikikaribia, pita tu vyumba vya hosteli uone laptopu zetu zilivyo. Moja imefungwa raba bendi pembeni ili bodi isiachane. Nyingine kioo chake kimeegemezwa kwenye ndoo kwa sababu bawaba imeng'oka na kipande cha plastiki. Nyingine imebenuka katikati, ukiiweka mezani inacheza kama kiti chenye mguu mfupi. Mwenyewe analaumu jua, analaumu Mchina, analaumu rumu meti aliyekalia begi. Na hela iliyoinunua ni bumu, yaani deni ambalo atakatwa kwenye mshahara akishaajiriwa, kama ataajiriwa.

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni kemia na fizikia, na swali la kwa nini bodi inapinda ni la kemia kabla halijawa la fundi. Ukilifuata nyuma, hatua kwa hatua, unafika kwa mtu mmoja aliyekufa mwaka 1944. Vitabu vyetu vya sekondari vinamtaja kwa sentensi moja, kisha vinaendelea. Nadhani anastahili zaidi ya sentensi moja.

Leo Hendrik Baekeland alizaliwa tarehe 14 Novemba 1863 katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Baba alitaka mtoto akae naye kwenye kigoda ajifunze kushona soli, mama akashikilia kwamba atasoma. Kwetu Nyashimo hadithi hii haihitaji maelezo: weka mtumbwi au shamba la pamba mahali pa viatu, utapata nyumba nyingi tu ambazo mjadala huo umefanyika usiku, watoto wakijifanya wamelala. Mama alishinda. Kijana akasoma kwa ufadhili wa mji wa Ghent, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 17, akamaliza udaktari wa falsafa mwaka 1884 akiwa na miaka 21 kwa daraja la juu kabisa. Wengi wetu kwa umri huo tunahangaika na mwaka wa pili.

Alipenda kupiga picha tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba baba yake alimpa saa yenye mnyororo wa fedha, naye akauyeyusha mnyororo kwa asidi ili apate naitreti ya fedha ya kusafishia picha. Baba hakufurahi, bila shaka.

Wanaosoma ualimu wanisikilize hapa. Kazi ya Baekeland kabla ya utajiri wote ilikuwa kufundisha fizikia na kemia kwenye chuo cha kuandaa walimu katika mji wa Bruges, kuanzia 1887 hadi 1889. Kisha akarudi Ghent kama mhadhiri, akamuoa Céline Swarts, binti wa profesa wake. Mwaka huohuo wa 1889 wakasafiri kwa ufadhili wa masomo aliokuwa ameushinda. Walifika New York kutembea tu. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, Charles Chandler, alimshawishi abaki, akamtafutia kazi kwenye kampuni ya vifaa vya picha. Wakabaki.

Miaka miwili baadaye akaacha ajira ili ajitegemee, na hapo mambo yakawa mabaya. Alishika kazi nyingi kwa wakati mmoja, hakuna hata moja iliyofika mwisho, hela ikaisha, akaugua sana. Alipopona alikuwa na madeni, lakini alikuwa ameamua kitu: atachagua jambo moja linaloweza kuleta hela mapema, mengine yasubiri. Akachagua karatasi ya picha. Wakati huo wapiga picha walisubiri jua ili kuchapisha picha zao, siku ya mawingu ni hasara. Yeye akatengeneza karatasi inayoweza kuchapishwa kwa mwanga wa taa, akaiita Velox, na mwaka 1893 akafungua kampuni pamoja na mwenzake Leonard Jacobi. Mwaka 1899 George Eastman wa Kodak akainunua kampuni hiyo kwa mamia ya maelfu ya dola. Baekeland alikuwa hajafikisha miaka 40 na hakuhitaji kufanya kazi tena maishani.

Angeweza kupumzika. Badala yake alinunua nyumba kubwa huko Yonkers, kaskazini mwa New York, akajenga maabara uani, kisha akaenda Berlin kujifunza upya elektrokemia kwa sababu aliona ujuzi wake umechacha. Mtu tajiri anarudi darasani kukaa na vijana! Ningependa kuona hilo likitokea hapa kwetu.

Sasa tufike kwenye makasha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 umeme ulikuwa unaenea haraka, na kila waya, swichi na koili ilihitaji kitu cha kuzuia umeme usimfikie mtu. Kilichotumika sana ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo kwenye miti ya India na nchi jirani. Wadudu hawajui kwamba dunia imeongeza mahitaji. Bei ilikuwa inapanda.

Plastiki nyingine ilikuwepo: seluloidi, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1870 baada ya kazi ya Mmarekani John Wesley Hyatt. Ndugu zangu wa Simiyu wataipenda hii, maana seluloidi ilitengenezwa kutokana na pamba iliyotiwa asidi, ikachanganywa na kafuri. Pamba ileile tunayoiuza kwa kilo na kulalamika bei. Ilitengenezewa vitana, vifungo na mikanda ya sinema. Ila ilikuwa na kasoro mbili kubwa: maji ya moto yanailegeza, na ikishika moto haizimiki kirahisi. Huwezi kuifanya swichi ya umeme.

Mwaka 1872 mkemia wa Ujerumani, Adolf von Baeyer, alikuwa amechanganya fenoli na fomaldehaidi akapata donge gumu lililonata kwenye vyombo vyake likakataa kutoka. Kwake lilikuwa uchafu. Waliojaribu baada yake walikutana na tatizo lilelile: mchanganyiko unatoa povu, unaumuka kama maandazi, ukikauka unabaki na matundu. Wote walijaribu kupunguza joto ili povu litulie.

Baekeland alifanya kinyume. Aliongeza joto, lakini akaongeza na mgandamizo. Yeye na msaidizi wake Nathaniel Thurlow (ambaye leo karibu hakuna anayemkumbuka, kama kawaida ya wasaidizi) walitumia sufuria kubwa la chuma lililofungwa kabisa, linalopashwa kwa mvuke. Mgandamizo ulizuia mapovu, joto likamalizia kazi. Kilichotoka kilikuwa kigumu na hakikuwa na matundu. Ukikipasha tena hakilegei, na viyeyushio vya kawaida havikigusi. Aliomba hataza mwezi Julai 1907, akakitangaza mbele ya wanakemia wa New York tarehe 5 Februari 1909, na hataza ikatoka mwezi Desemba mwaka huo. Akakipa jina lake mwenyewe: Bakelite.

Uingereza, Mskoti James Swinburne alikuwa amefika karibu palepale kwa njia yake. Alipeleka maombi yake ya hataza akakuta Baekeland amemtangulia kwa siku moja. Siku moja tu! Hawakuishia kwenye uadui lakini. Swinburne baadaye alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya Bakelite ya Uingereza.

Kwa nini hiki kitu hakilegei? Chukua tofali. Tofali bichi ukilimwagia maji linarudi kuwa tope, unaweza kulifinyanga upya. Tofali la kuchoma ukilimwagia maji mwaka mzima litabaki tofali. Plastiki zetu nyingi za leo ni za aina ya kwanza, ila zinalainishwa na joto badala ya maji: molekuli zake ni nyuzi ndefu zilizolala pamoja bila kufungana, ukizipasha zinateleza, ukizipoza zinatulia. Bakelite ni la kuchoma. Joto linazifunga molekuli kwa pande zote mpaka kipande kizima kinakuwa kama wavu mmoja. Hakuna kinachoweza kuteleza tena.

Basi mtu atauliza, na mimi niliuliza: kama tatizo la kupinda lilimalizwa mwaka 1907, kwa nini laptopu yangu inapinda?

Kwa sababu tofali la kuchoma likianguka linavunjika. Bakelite tupu ni dhaifu kwa kishindo, ndiyo maana Baekeland alilazimika kulichanganya na unga wa mbao, nyuzi za pamba au hata asbesto ili lishikane. Hata hivyo lilibaki zito, na rangi zake zilikuwa nyeusi, kahawia na za giza kwa ujumla. Kwa redio inayokaa juu ya kabati hilo si tatizo. Mwaka 1934 kampuni ya Ekco ya Uingereza ilitoa redio ya mviringo yenye kasha la Bakelite, na zilizotunzwa bado ziko kwa wakusanyaji, umbo lake lilelile. Zile simu nyeusi nzito za kuzungusha namba kwa kidole, zilizokaa kwenye ofisi za serikali, nyingi ni za familia hiyohiyo. Lakini hakuna aliyekuwa anaziweka kwenye begi na kupanda nazo bodaboda.

Jirani zetu wa Zambia, wakati ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, walipata mfano mzuri wa tatizo hili. Mwaka 1949 ilitafutwa redio rahisi ya betri kwa wananchi wa kawaida, na kasha lake likawa sufuria la alumini lililopakwa rangi ya buluu. Sufuria kabisa. Lilijulikana hivyohivyo, redio ya sufuria, na liliuzwa pauni 5. Sufuria likianguka linabonyea, halivunjiki, na redio inaendelea kuimba.

Alumini yenyewe ilishuka bei kwa sababu ya vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waliogundua mwaka 1886, kila mtu kwao, njia ya kuitoa kwenye madini kwa umeme. Wote wawili walizaliwa 1863, mwaka aliozaliwa Baekeland. Sijui huo mwaka watu walikula nini.

Laptopu nyingi tunazomudu zina bodi ya ABS, au ABS iliyochanganywa na polikaboneti, ile plastiki inayofunika taa za mbele za magari. ABS huanza kulainika karibu na nyuzi joto 105 za Selsiasi, polikaboneti karibu na 147. Utasema basi ziko salama, maana hata ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 60 lakini halifiki 100. Ni kweli haziyeyuki. Zinachofanya ni kulegea taratibu. Plastiki iliyo chini ya mzigo muda mrefu inajisogeza kidogokidogo, na joto linaharakisha. Weka vitabu vitatu juu ya laptopu yenye moto, kwenye chumba cha bati, saa nane mchana, rudia wiki nzima, utaona. Bawaba nayo ni mzigo wa kudumu: ni chuma kigumu kilichofungwa kwa skrubu ndogo kwenye nati za shaba zilizozamishwa ndani ya vijiti vya plastiki, na kila ukifungua kioo unazivuta.

Hapo ndipo watu wanasema nunua ya bati, yaani ya alumini. Tangu 2008 Apple walipoanza kuchonga bodi nzima ya laptopu zao kutoka kwenye kipande kimoja cha alumini, imani hii imekuwa kama dini. Alumini hailegei kwa joto letu, inayeyuka kwenye nyuzi 660. Inatoa joto la ndani nje haraka, ndiyo maana unaihisi moto mapajani. Lakini ikipata kishindo pembeni inabonyea na kubaki hivyohivyo, na bodi iliyobonyea inaweza kukandamiza kioo. Plastiki nzuri ingepinda na kurudi. Kuna za aloi ya magnesiamu, nyepesi zaidi na ngumu, utazikuta kwenye laptopu nyingi za kiofisi zilizotumika zinazouzwa kwa bei ya wanafunzi. Kwa maoni yangu, hiyo ya mtumba yenye kiunzi cha magnesiamu ndani ni bora kuliko mpya ya plastiki nyembamba kwa hela ileile. Mwenye hoja nyingine aandike toleo lijalo.

Na kuna kupinda ambako si kosa la bodi kabisa. Laptopu ikibenuka kuanzia katikati, kibodi ikapanda au pedi ya kugusa ikakataa kubonyeka, mara nyingi betri ya lithiamu imejaa gesi na kuvimba. Nimeona mtu akiikalia ili irudi. Jamani! Usiikandamize, usiitoboe, acha kuichaji, itoe kitandani na uipeleke kwa fundi aitoe betri. Bodi utapata nyingine, ila betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto.

Nyashimo pale kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma kuna fundi, mtu mzima, kibanda chake ni cha bati na vumbi la malori linaingia mchana kutwa. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimkuta akirudishia bawaba ya laptopu. Nilimshauri, kwa usomi wangu, ayeyushe plastiki kwa pasi ya kulehemia azamishe nati upya. Alinijibu kwa upole kwamba iliyoyeyuka leo itayeyuka na kesho, mwanangu. Akachanganya gundi ya mirija miwili, akajaza, akapanga nati, akaacha hadi kesho yake. Gundi ile ni epoksi. Ni ya ukoo wa tofali la kuchoma: ikishakauka hairudi nyuma. Baba yule hajamsikia Baekeland, lakini wangeelewana.

Ukifungua laptopu yako utaona mawazo ya Baekeland yapo, ila yamehamia ndani. Ule ubao wa kijani uliobeba vipande vyote ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa epoksi. Kwenye redio za zamani ulikuwa wa kahawia, karatasi iliyoloweshwa utomvu wa fenoli, yaani Bakelite lenyewe. Pale joto la kulehemu linapofika na kitu hakiruhusiwi kulegea, bado tunachoma tofali. Jikoni kwenu pia, angalia mshikio mweusi wa kikaango.

Kasoro moja ya Bakelite haikumsumbua Baekeland lakini inatuhusu: huwezi kuliyeyusha ulitumie tena. Gari la Trabant la Ujerumani Mashariki, lililotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1991, lilikuwa na bodi ya utomvu wa fenoli uliochanganywa na mabaki ya pamba. Bodi hiyo haikushika kutu. Lilipochakaa, watu hawakujua waipeleke wapi bodi isiyooza wala kuyeyuka, na zaidi ya milioni 3 yalikuwa yametengenezwa.

Biashara ya Baekeland ilikua haraka baada ya kufungua kampuni mwaka 1910. Alishtaki walioiga, akashinda, na mwaka 1922 aliungana na wapinzani wake wakubwa kuliko kuendelea kulipa mawakili. Mwaka 1924 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha wanakemia wa Marekani na picha yake ikatokea kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka 1927 hataza zikaanza kuisha muda, wengine wakaleta plastiki za rangi za kung'aa, kisha zikaja zile laini za kuyeyuka na kumwagwa kwenye kalibu kwa sekunde chache. Za tofali bichi. Kwa kiwanda, kasi hiyo ilikuwa hela.

Uzee wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Alihamia Coconut Grove, Florida, kwenye nyumba kubwa yenye bustani ya mimea ya nchi za joto, lakini alikula vyakula vya makopo, mara nyingi akila moja kwa moja kwenye kopo. Joto likizidi aliingia kwenye bwawa la kuogelea na nguo zake nyeupe alizovaa, akatoka, akaendelea na siku yake zikimkaukia mwilini. Hakutaka karamu. Mwanawe George hakuupenda uongozi wa kampuni, na mwaka 1939 ikauzwa kwa Union Carbide.

Baekeland alifariki tarehe 23 Februari 1944 huko Beacon, jimbo la New York, akiwa na miaka 80, akazikwa kwenye makaburi ya Sleepy Hollow. Lile sufuria lake la chuma la kwanza liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.